Barua ya wazi kwa wanaosimamia mapokezi ya wakimbizi Kigoma

Waheshimiwa viongozi,

Salamu kwenu, na poleni na kazi. Barua hii inatoka Ujiji, na inawahusu wote wenye kauli juu ya watu wanaoingia mkoa wetu kwa maji ya Ziwa Tanganyika: wizara yenye dhamana ya wakimbizi, uongozi wa mkoa na wilaya, halmashauri zenye mialo, yaani sehemu za ufukweni boti zinaposhusha watu, na wakuu wa mashirika ambao magari yenu tunapishana nayo kila siku pale Mwanga. Nimeiandika ya wazi kwa sababu zile za kwenye bahasha zimekwisha kupelekwa na hazikurudi na jibu.

Sisi ni watu wa mjini tunaojitolea kwa familia zilizo njiani, yaani zimeshuka kwenye boti lakini hazijafika kambini. Wengi wetu ni akina mama. Wamo vijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu mmoja, na mimi fundi cherehani. Hatuna ofisi wala akaunti. Tunapika uji, tunaokoteza sabuni na nguo za watoto, tunakaa na mgonjwa wodini, tunatafsiri Kirundi na Kibembe pale kinapohitajika. Mambo ya uji siyaandikii barua, hayo tunayamudu.

Ombi ni moja. Mtu akishuka mwaloni, aandikwe palepale mwaloni pamoja na watu wake wote, waliopo na wasiokuwapo, kabla hajapandishwa gari lolote. Na maandishi hayo yamfuate hadi kambini.

Najua mtasema watu wanaandikwa. Ni kweli, wanaandikwa wakishafikishwa kwenye kituo cha mapokezi. Pale anaandikwa mkuu wa kaya na idadi ya aliokuja nao. Mtu anaulizwa yuko na nani. Haulizwi nani hayupo. Na kabla ya kufika hapo ameshakaa ufukweni saa kadhaa, pengine kutwa na kucha, ameshabadilishana boti na gari, na wale aliovuka nao, ambao wangeweza kusema ni nani alikuwa na nani, wameshatawanyika.

Wasiokaa mwaloni hudhani familia hukatika kwenye mapigano. Zipo zilizokatikia huko, Mungu awarehemu waliobaki. Lakini nyingi tunazoziona sisi zimekatikia kwenye nauli. Boti linatoka upande wa Fizi au Kalemie, huko Kongo, usiku, au alfajiri kabla ziwa halijachafuka, na nahodha anatoza kwa kichwa. Baba mwenye watu saba na hela ya vichwa vitatu anafanya hesabu akiwa amesimama majini. Anamtanguliza mama na wadogo. Au anawakabidhi watoto wakubwa kwa jirani, yeye anabaki auze mbuzi au baiskeli, aje na boti la kesho. Boti la kesho linapigwa na upepo, au nahodha anasikia kuna doria, linashukia Ilagala, wilaya ya Uvinza, badala ya Kibirizi hapa mjini. Jingine linaenda kutokea Kalya, kusini kabisa. Sasa mama yuko Kigoma mjini, baba yuko Uvinza, wote wako Tanzania, wote wazima, na hakuna anayejua kama mwenzake yu hai.

Kuna bibi alishuka na wajukuu wanne na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye kitenge. Meza na miguu yake vilibaki Kongo. Nikamsogelea kwa ajili ya hicho cherehani, macho ya fundi hayana adabu, nikamuuliza: bibi, unashona? Akasema, "Hapana, ni ya binti yangu. Iko nyuma, atakuya kesho." Boti la kesho likaja, binti hakuwamo. Siku iliyofuata bibi akapandishwa basi na wajukuu zake na cherehani lao, jina lake likiwa limeandikwa vizuri kabisa kama mkuu wa kaya ya watu watano. Binti hakuwa kwenye karatasi yoyote. Alikuwa ameshukia mwalo mwingine na mtoto mchanga mwenye nimonia, akaletwa hospitali mjini. Mwenzetu mmoja alikuwa anamlinda mgonjwa wodi hiyohiyo, akamsikia mwanamke wa kitanda cha pili akilalamika kwamba mama yake katangulia na cherehani na hajui hata kama anakumbuka kulipaka mafuta lisishike kutu. Mwenzetu akanipigia simu anacheka na kulia. Hivyo ndivyo walivyopatana. Wangelazwa wodi tofauti, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wengi wenu mmeletwa Kigoma na uhamisho, kwa hiyo mniwie radhi nikirudi nyuma kidogo. Mwaka 2015, baada ya Burundi kuvurugika mwezi Aprili kwa suala la muhula wa tatu wa rais, watu waliingia Kagunga kwa makumi ya maelfu. Anayekijua kijiji kile anajua maana yake: ukanda mwembamba wa mchanga, mlima nyuma, ziwa mbele, na barabara haikuwapo. Njia kuu ya kutoka ilikuwa maji. MV Liemba, meli iliyoshushwa ziwani mwaka 1915, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari, na kwa kuwa haiwezi kusogea ufukweni, watu walipelekwa hadi kwenye meli kwa mitumbwi na maboti madogo. Hapo ndipo mikono iliachana. Mtoto yuko mtumbwi huu, mama yuko ule, na meli ikijaa imejaa. Walishushwa bandarini Kigoma, wakalazwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Watoto waliofika bila mzazi walihesabiwa kwa mamia.

Kisha kikaja kipindupindu. Kufikia mwishoni mwa Mei walikuwa wameugua zaidi ya watu 3,000, na waliokufa walikuwa 31, wawili kati yao Watanzania wenzetu. Serikali na mashirika walikishughulikia kwa nguvu: maji, klorini, vyoo, mahema ya wagonjwa. Ugonjwa ule una kanuni yake, na mnaijua kuliko mimi. Mgonjwa anaulizwa siku hiyohiyo katoka wapi, kanywa maji gani, kakaa na nani. Hakuna anayesema tutamuuliza akishafika kambini. Ndugu aliyepotea hana kanuni ya siku hiyohiyo. Yeye anasubiri.

Kambini huduma ya kutafuta ndugu ipo, Msalaba Mwekundu wanaifanya, na nimeona watu wakirudishiana sauti baada ya miaka. Sina neno nao. Neno langu ni kwamba wao wanaanza kazi pale ambapo habari imeshapoa. Mtu anakuja kutafutwa mwezi wa pili au wa tatu, wakati nahodha aliyemleta ameshasahau, na jirani aliyekaa naye botini ameshapelekwa kijiji kingine cha kambi. Mwaloni habari ni ya moto. Kila mtu anakumbuka nani alitapika, nani alipoteza kiatu, mtoto wa nani alilia njia nzima.

Na mlango wa kuandikia mbona upo? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeingia nchini kutafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba kwa ofisa aliyeidhinishwa, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani. Mtendaji wa kijiji ametajwa na sheria yenyewe. Lakini uliza mtendaji yeyote wa kijiji cha ziwani amepewa nini cha kumpokelea mtu. Ana simu yake. Anampigia polisi, anampigia uhamiaji, anasubiri gari. Watu wanakaa chini ya mwembe, na yeye, masikini, hana la kuwauliza wala pa kuandika. Kila mwalo pia una BMU, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi mwaloni, na viongozi wa BMU wanalijua kila boti linaloingia na kutoka, kwa sababu ndio kazi yao. Kwa hiyo siwaombi muunde kamati. Kamati zipo za kutosha hadi viti vinapungua. Naomba hao waliopo wapewe daftari na maelekezo.

Sisi tunalo la kwetu, kauntabuku la kwaya mbili la pale sokoni, na niwaeleze tunaandika nini, kwa sababu kazi yote iko kwenye maswali.

Tunaandika siku, mwalo na boti. Hakuna tiketi, lakini boti lina jina lililochorwa ubavuni au lina nahodha anayejulikana, na hilo ndilo watu wanalolikumbuka hata wakisahau tarehe. Kisha jina la mtu kama anavyoitwa nyumbani, na jina la shule kama analo. Mama yake ni nani. Kijiji, na mwami wake, yaani chifu wa jadi. Ukimuuliza mtu wa Kivu wilaya yake atakuangalia tu. Ukimuuliza kwenu mwami ni nani, anakujibu kabla hujamaliza. Halafu tunauliza aliyebaki nyuma, aliyetangulia, na walikubaliana kukutana wapi. Safu ya mwisho ni alama: kovu, pengo, mtoto anayekula kwa mkono wa kushoto, sare ya shule aliyovaa.

Watoto huwa tunawauliza mbali kidogo na mtu aliyekuja nao, wakiwa wanakunywa uji. Hili limetufundisha mengi. Jirani aliyebeba watoto wa mwenzake anaogopa ataonekana mwizi wa watoto, au anaogopa watanyang'anywa wapelekwe kwingine, kwa hiyo akiulizwa na mtu mwenye kofia na kalamu anasema wote ni wangu. Anaandikwa na watoto wanane. Siku mama halisi akifika, kwenye karatasi watoto wake wana mama mwingine, na kuwarudisha kunataka mashahidi na vikao. Yule jirani alifanya wema na sasa anahojiwa. Akiulizwa taratibu, na mama mwenzake, akiwa amekaa chini na ndala zake pembeni, anasema ukweli dakika ya tatu: hawa wawili si wangu, ni wa Mama Riziki, nilimwambia nitawashika.

Na majina. Amisi wa mji wa Baraka, Kongo, akifika kwenye kompyuta anakuwa Hamisi. Ramazani anakuwa Ramadhani. Mwadjuma anapoteza herufi moja njiani. Karani kaandika kama alivyofundishwa darasani kwetu, na mtu huyo kwao aliandikwa na karani aliyesoma Kifaransa. Lakini mkimtafuta Amisi kwenye mashine, Hamisi haji. Sisi tunaandika yote mawili na mkwaju (/) katikati. Hilo nalo halihitaji bajeti.

Sasa niseme la mabasi, maana hapa hasira zangu ziko karibu. Familia imefika kituoni, mtoto ana homa, anapelekwa hospitali na mama yake. Waliobaki wanabaki. Mchana linatoka tangazo kwamba basi la kambini liko tayari, majina yanasomwa kwa spika, na linalosomwa ni jina la mkuu wa kaya, baba au bibi. Wanapanda. Nani atakataa kupanda wakati hajui kama kuna basi lingine? Jioni mama anarudi na mtoto mgongoni, anakuta mkeka wa watu wengine. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Orodha ya wagonjwa iko hospitali, orodha ya abiria iko kwa msimamizi wa basi, na hazijawahi kuwekwa meza moja. Karatasi mbili tu, waheshimiwa. Kazi ya nusu saa kwa mtu mmoja kila asubuhi, alinganishe, na kaya yenye mgonjwa isubiri basi la kesho.

Orodha ya basi isomwe jioni ya kuamkia safari, isomwe kwa Kiswahili na Kirundi na Kibembe, na isomwe pole pole. Watu hawa wamefukuzwa kwao kwa kushtukizwa. Ukiwashtua tena saa saba mchana kwamba pandeni sasa hivi, mtu anaacha sufuria jikoni, anaacha cheti cha kliniki cha mtoto, anamwacha na mama mzazi aliyekwenda msalani. Swali tunaloulizwa kuliko yote si la chakula. Ni "mama, batatupeleka lini?" Nasi hatujui. Tunajibu mtaambiwa. Nimeshachoka kulisema neno hilo, na bila shaka wao wamechoka zaidi kulisikia.

Getini tunazuiwa mara kwa mara, na kusema kweli mlinzi anayetuzuia ana hoja. Wanakuja watu wa kila aina. Anakuja mwanamume anasema ni mjomba, anamtaka binti wa miaka kumi na minne tu, wale wadogo zake hawataki, na ukimbana unakuta anatafuta mfanyakazi wa ndani wa kumpeleka mjini. Wanakuja wenye simu kubwa, wanagawa biskuti pakiti moja na kupiga picha thelathini. Wanakuja wa kuhubiri, sabuni inatolewa baada ya sala. Sitaki mlango ule uwe wazi kwa kila mtu, hata kidogo. Ninachotaka ni tupewe vitambulisho vyenye picha, majina yetu yawe polisi na kwa mtendaji wa kata, tupewe kanuni kwenye ukurasa mmoja, na anayezivunja anyang'anywe siku hiyohiyo. Mkitukagua tutafurahi. Yule mjomba wa uongo hatapenda kukaguliwa.

Kuna jambo jingine la hatari, nalo ni la kwetu sisi. Kwa kuwa hakuna njia rasmi, habari zinapita WhatsApp. Tunarekodi sauti ya mtu anayetafuta nduguye, inarushwa kwa jamaa aliye Nyarugusu, inasambaa, na mara nyingine kabla ya jua kuzama ndugu amepatikana. Inafanya kazi kweli, na ndiyo maana inanitia wasiwasi. Wapo waliokimbia watu wenye silaha, na watu hao nao wana simu. Sauti yenye jina la kijiji, majina ya watoto na mahali mtu alipo leo haipaswi kuzunguka kwenye magrupu ya watu mia mbili. Kikundini kwetu picha tumekwisha kuzipiga marufuku, sauti tunazipunguza. Lakini huwezi kumwambia mama asitume sauti ya kumtafuta mwanawe bila kumpa njia nyingine. Daftari la mwaloni likae kwenye kabati la mtendaji lenye kufuli. Nakala ya kila ukurasa ifungwe kwenye bahasha, ipande basi moja na wenyewe, ipokelewe kambini na mtu mmoja anayejulikana kwa cheo chake, na ndugu wa Msalaba Mwekundu waione siku hiyo. Kwa simu iende idadi tu, na jina la boti.

Nimeshasikia mara kadhaa kwamba tukiwapokea vizuri mno mwaloni tutawavutia waje wengi. Jamani. Hakuna mtu atakayeacha shamba lake la mihogo Fizi kwa kuwa amesikia Kibirizi kuna kauntabuku. Goma ilipoanguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Uvira Desemba mwaka huohuo, watu waliondoka na walichokuwa wamevaa. Machi 2023 waliingia kwetu kutoka mashariki ya Kongo kwa maelfu ndani ya wiki chache, na wala hakukuwa na la kuwavutia: mwaka huo huo mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi nusu.

La fedha nalielewa. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, tumeona mashirika yakifunga ofisi na vijana wetu waliokuwa wakiajiriwa humo wakirudi kukaa vijiweni. Ndiyo maana sikuomba jengo wala gari. Wale vijana waliorudi vijiweni, baadhi yao wanajua kuhoji watoto kuliko sisi sote, wamesomeshwa kwa fedha nyingi, na wako tayari kukaa mwaloni kwa nauli na chakula cha mchana. Msiwaache wakasahau kazi.

Kwa wale mnaotoka mikoa mingine, Ujiji hatuoni ajabu mtu kushuka kutoka ng'ambo. Mitaa yetu mingi imejaa wajukuu wa Wamanyema waliovuka ziwa hilihili. Kiha na Kirundi vinaelewana bila mkalimani. Mama wa Kongo akiuliza sombe sokoni, muuzaji anampa kisamvu na mawese ya kuungia, na mambo yanaendelea. Kuna wakati boti linashuka na mtu wa mwaloni anamtambua shemeji yake. Serikali ina mtaji hapa wa bure, na hauko mikoa mingi. Tatizo ni kwamba mtu wa hapa anaogopa kusogea, kwa sababu hajui wapi kusaidia kunaisha na wapi kuhifadhi mtu kinyume cha sheria kunaanza. Mwenzetu mmoja aliwapa familia moja sebule yake usiku wa mvua kubwa, na kulipokucha akawa anajieleza kituoni. Aliachiwa, hakuna kilichomkuta, lakini mtaa mzima ulijifunza. Mvua iliyofuata, milango ilifungwa. Tunaomba tangazo la maandishi, libandikwe kwenye ofisi za kata na mialoni: raia anaruhusiwa kufanya nini, kwa saa ngapi, na amtaarifu nani.

Nisisahau wanaoelekea upande wa pili. Misafara ya Warundi wanaorudi kwao imekuwa ikiondoka tangu Septemba 2017, na siasa za kurudi au kutorudi naziacha kwa wenye nazo, ingawa nina maoni yangu. Ninachosema ni kwamba hao nao ni familia zilizo njiani. Kambini watu wameoana. Yuko mama Mrundi mwenye watoto wawili wa baba Mkongo, na mmoja mkubwa aliyekuja naye tumboni mwaka 2015. Anaporudi, mtoto yupi anapanda msafara na yupi anabaki? Tumeletewa swali hilo na akina mama zaidi ya mmoja, kana kwamba sisi ndio tunaopanga. Daftari lenye kumwandika mtu pamoja na wasiokuwapo lingefaa pia upande ule, siku ya kuondoka, kabla magari hayajawasha injini.

Kama mialo yote ni mingi mno, anzeni na mitatu: Kibirizi kwa sababu ndiko wengi wanakoshukia mjini, Ilagala kwa sababu ya wanaosukumwa na upepo, na Kagunga kwa sababu ya yaliyotokea pale. Jaribuni kwa msimu mmoja. Tutakaa na watendaji tuwaonyeshe maswali, yule mwalimu wetu mstaafu ameshayaandika kwa mwandiko wa ubaoni kwenye karatasi moja. Mkiona hayafai, yabadilisheni.

Kauntabuku tatu tumeshazinunua na safu tumeshazipiga rula. Tunaomba mtutajie ofisa wa kuzipokea, na siku ya kufika ofisini kwake.

Wenu katika kazi,

Fundi cherehani wa Ujiji,
kwa niaba ya wenzangu tunaojitolea mwaloni